Kazi za Mikono Nyumbani Katika Likizo ya Mvua

Kila mwaka, shule zetu za msingi zinapokaribia kufungwa mwezi Desemba, walimu wengi huandika ubaoni kile kiitwacho kazi ya likizo. Aghalabu kazi hiyo huwa ni maswali ya hesabu 40 au 50 pamoja na zoezi la kunakili. Mtoto huyaandika maswali hayo, hulitia daftari mkobani, na daftari hukaa humo mpaka siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Ndipo maswali yote hujibiwa kwa pupa chini ya taa. Mwalimu husahihisha, au hasahihishi, na kazi ya likizo huwa imekwisha. Wanachuo watakaopangiwa shule za wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, watairithi desturi hii wasipoitafakari mapema.

Katika wilaya hizo likizo ya Desemba huangukia majira ya mvua. Kwa kawaida mvua huanza Novemba na kuendelea, kwa vipindi, hadi Mei. Zipo siku ambazo ukungu hushuka kutoka milimani tangu asubuhi, upepo huvuma, ngurumo huzunguka, na mtoto hawezi kwenda malishoni wala uwanjani. Hukaa ndani karibu na meko pamoja na bibi yake na wadogo zake, akisikiliza mvua ikipiga mabati. Je, shule ina la kumpa mtoto huyu kwa saa hizo?

Sisi tunaona kwamba inalo, nalo si maswali 50. Tunapendekeza kwamba kazi ya likizo ya Desemba iwe kitu kimoja tu cha kutengenezwa kwa mikono: kitu chenye matumizi nyumbani, kinachofundishwa na mzee wa nyumba ile, kinachotokana na vitu visivyonunuliwa, na ambacho vifaa vyake vyote vimekusanywa kabla mvua haijachachamaa. Sharti hilo la mwisho ndilo tutakalolisisitiza kuliko yote, kwa maana pasipo hilo mengine hayafai kitu.

Mvua huchagua kazi

Watu wengi hudhani kwamba siku ya mvua ni mbaya kwa kila ufundi. Mafundi wanajua vingine. Msusi yeyote atakuambia kwamba nyasi au ganda la hindi lililokauka kabisa huvunjika likikunjwa, ilhali lililopata unyevu hupindika bila kukatika. Ndiyo sababu wasusi hunyunyizia maji nyenzo zao kabla ya kuanza. Katika siku za mvua hewa yenyewe husaidia kazi hiyo, na utepe unaosukwa hubaki laini mkononi kwa muda mrefu.

Vivyo hivyo kwa udongo wa mfinyanzi. Chungu kilichoanikwa katika jua kali hupasuka, kwa kuwa upande wa nje husinyaa kabla ya ule wa ndani. Chungu hutaka kukauka polepole kivulini, na nyumba katika siku za mawingu ina kivuli cha kutosha. Lakini kukichoma ni jambo jingine: kazi hiyo hutaka siku kavu na kuni kavu. Basi mtoto afinyange wakati wa mvua, aache kukauka, na kuchoma kungoje mapumziko ya mvua, tena chini ya macho ya mtu mzima. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji, walikuwa wakisema habari ya malezi. Lakini mfinyanzi huisikia methali hiyo kama agizo la kazi.

Kibuyu nacho kina utaratibu wake. Kilichochumwa kibichi wakati wa mvua huoza au huota ukungu. Kilichokauka tangu miezi ya baridi na upepo, yaani Juni hadi Agosti, ndicho kinachoweza kukwanguliwa, kuchorwa na kushonwa ufa mwezi Desemba. Ngozi mbichi haikauki vizuri katika mvua, lakini ngozi iliyokwisha kulainishwa hushonwa shanga bila taabu, mradi mshonaji akae karibu na mlango apate mwanga.

Twaona basi kwamba mvua huruhusu kusuka, kusokota, kufinyanga, kushona na kutunga shanga. Nayo hukataza kuchoma vyungu, kuanika ngozi na kukausha vibuyu. Mwalimu asiyelijua hili ataagiza kazi isiyowezekana, na mtoto atarudi shuleni mikono mitupu akidhani kwamba kosa ni lake.

Walimu walio nyumbani

Ni sehemu chache barani Afrika zilizo na utajiri wa watu kama Mbulu na Hanang. Wairaqw husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wadatoga, ambao Wabarabaig ni miongoni mwao, husema lugha ya jamii ya Kiniloti. Wanyaturu na Wanyiramba ni Wabantu. Na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha ambayo wataalamu hawajaithibitisha kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kila jamii ina kazi zake za mikono. Wanawake wa Kiiraqw na wa Kidatoga wamejulikana kwa sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga. Wahunzi wa Kidatoga hufua bangili za shaba kutokana na vyuma chakavu. Wahadzabe huchonga pinde na mishale kwa ustadi ambao mtu hawezi kuujifunza kitabuni.

Baadhi ya sketi hizo za ngozi zimehifadhiwa katika makumbusho za nchi za ng'ambo. Watu husimama mbele ya kioo kuzitazama, wala hawana wa kumuuliza mshono ulianzia wapi. Mtoto wa Mbulu anaye. Bibi yake huenda hakuwahi kusoma darasa hata moja, lakini katika jambo hili yeye ni mwalimu na sisi ni wanafunzi. Shule inapomwambia mtoto, “Kamwombe bibi yako akufundishe,” humpa mtoto kazi, na wakati huo huo humrudishia mzee heshima ambayo shule, bila kukusudia, imekuwa ikimpunguzia.

Iko faida nyingine, ya lugha. Mtoto atajifunza majina ya vitu na ya vitendo kwa lugha ya nyumbani. Akirudi darasani atahitaji kuyasimulia kwa Kiswahili, na hapo ndipo maneno kama kusokota, kusuka, kufuma, kutarizi, kufinyanga, ukili na mshono yatakapompata akiwa na haja nayo. Neno linalofundishwa kwa mtoto aliyekwisha kukishika kitu chenyewe halisahauliki upesi.

Historia inatuonya

Hata hivyo hatuna budi kukiri kwamba kazi za mikono zina historia ngumu katika shule za Afrika Mashariki. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizitembelea nchi zetu, ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na maisha ya kijijini, pamoja na kilimo na ufundi wa mikono. Wazazi wengi waliutilia shaka ushauri wa namna hiyo. Waliona kwamba wengine wanapewa kalamu na wao wanapewa jembe, na shaka yao haikuwa ya kipumbavu.

Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka kazi na masomo viwe kitu kimoja, ili mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kufikiri kuhusu anachokitenda. Lakini katika shule zisizo chache agizo hilo liligeuka kuwa kulima tu. Wanafunzi walishika majembe, na hapakuwa na aliyewauliza kwa nini mstari huu umeota vizuri na ule umedumaa. Mtaala wa elimu ya msingi ulioanza kutumika Januari 2024 unalo somo la Sanaa na Michezo. Nalo litapatwa na yaliyoipata Elimu ya Kujitegemea ikiwa walimu watakusanya vikapu na kuvihesabu tu. Kazi ya mikono isiyofuatwa na swali ni utumishi, si elimu.

Yafaa tutazame pia mfano wa mbali kidogo. Wamisionari wa Norwe walioanzisha hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, katika miaka ya 1950, walitoka upande wa dunia ambako majira ya baridi hufunika mashamba kwa theluji kwa miezi mingi. Katika nchi hizo za kaskazini mwa Ulaya, watu waliofungiwa ndani na hali ya hewa walichonga vijiko, walifuma nguo na kutengeneza mipini ya zana. Mwalimu mmoja wa Finland, Uno Cygnaeus, aliichukua desturi hiyo ya nyumbani akaiingiza shuleni, na kwa sheria ya mwaka 1866 kazi za mikono zikawa somo katika shule za umma za nchi hiyo. Baadaye Otto Salomon aliendesha chuo huko Nääs, Sweden, ambako walimu kutoka nchi nyingi walikwenda kujifunza mbinu hiyo, iitwayo sloidi. Walifundishwa kwamba lengo si kumfanya kila mtoto awe seremala. Lengo ni mkono, jicho na akili kukua pamoja.

Hatuhitaji kuiga vijiko vyao. Kinachofaa kuigwa ni njia yao: waliona kile ambacho hali ya hewa ilikuwa imekwisha kuwafundisha watu majumbani, wakakifanya kuwa sehemu ya shule. Sisi nasi tunayo mvua yetu.

Onyo la Mlima Hanang

Sasa tufike kwenye sharti tulilosema ni kubwa kuliko yote. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, wenye urefu wa mita zipatazo 3,400, yakaukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwamo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengine wengi waliachwa bila makazi. Serikali ilieleza kwamba wataalamu hawakuona dalili ya mlipuko wa volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka, na kuwa mto wa tope.

Mwalimu wa Mbulu au Hanang hawezi kuagiza kazi yoyote ya Desemba bila kuikumbuka siku hiyo. Tuzingatie mambo mawili.

La kwanza: udongo mzuri wa mfinyanzi mara nyingi hupatikana kandokando ya vijito, na nyasi ndefu za kusukia huota mabondeni na kwenye makorongo. Hizo ndizo sehemu ambazo maji huja kwa ghafla mvua ikinyesha juu mlimani, hata kama pale mtoto aliposimama jua linawaka. Na mtoto wa shule ya msingi hutii. Mwalimu akisema lete chungu, mtoto atauendea udongo hata katika dhoruba, kwa kuwa “mwalimu amesema.” Kwa hiyo kazi inayomtoa mtoto nje wakati wa mvua ili kutafuta vifaa haifai kuagizwa, iwe nzuri namna gani.

La pili: kukaa ndani nako hakutoshi siku zote. Waliofikwa na tope la Katesh wengi walikuwa majumbani mwao. Mwalimu anapoagiza kazi ya ndani lazima aseme waziwazi, mbele ya darasa zima, kwamba wazazi au viongozi wa kijiji wakiamuru watu wahame, mtoto aache chungu, aache mkeka, aondoke mara moja pamoja na wakubwa. Na kwamba shule haitamwuliza kamwe kazi iliyoachwa kwa sababu hiyo. Maneno haya huchukua dakika mbili. Tunaamini kwamba ndiyo maneno muhimu kuliko yote katika somo lote.

Namna ya kupanga

Kutokana na hayo, tunapendekeza mwanachuo afuate mpango huu:

1. Mwezi Juni na Julai, mahindi yanapovunwa, watoto wahifadhi maganda laini ya mahindi. Sehemu za Hanang zinazolima ngano, kama Basotu, watunze pia mabua ya ngano baada ya mavuno. Nyumba yenye vibuyu ivianike wakati huo wa upepo mkavu.

2. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, darasa liende pamoja na mwalimu kuchimba udongo mahali palipo salama. Udongo uliokaushwa, kutwangwa na kufungwa katika mfuko hukaa muda mrefu, nao hulainika tena ukitiwa maji.

3. Mwezi Novemba mwalimu akutane na wazazi. Awaeleze kazi ni nini, awaombe ridhaa yao, na ajue ni nyumba ipi haina mzee wa kufundisha, ili mtoto wa nyumba hiyo aunganishwe na jirani anayeaminiwa na wazazi wake.

4. Kila mtoto achague kitu kimoja tu: kamba ya kufungia ndama, ukili wa mkeka, kata ya kubebea mtungi kichwani, kinyungu kidogo, kibuyu cha kushonwa ufa, au pambo la sikukuu. Wengi hujiandaa kwa Krismasi, na nyota ya mabua ya ngano hupendeza. Lakini darasa lina Waislamu na wenye imani za jadi pia, hivyo pambo lisiwe amri.

5. Kisinunuliwe kitu. Manila, gundi na rangi za dukani zikitajwa hata mara moja, mtoto maskini ameshindwa kabla hajaanza.

6. Kisu na moto visitumiwe bila mtu mzima kuwapo.

Yanayopingwa

Kuna watakaosema kwamba watoto wa wafugaji na wakulima wana kazi nyingi tayari, na kwamba msichana hasa hulemewa. Ni kweli. Ndiyo maana tumesema kitu kimoja, na tumesema wakati wa dhoruba, ambapo malisho na shamba vimesimama. Mwalimu awaambie wazazi bayana kwamba saa hizo ni za mtoto wa kike sawa na za mtoto wa kiume; na kwamba mvulana akisuka ukili na msichana akisokota kamba ya ng'ombe, hakuna mila iliyovunjika ndani ya kazi ya shule.

Wengine watasema kwamba kitakachoulizwa katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni hesabu, si kamba. Hoja hii ina uzito, na jibu lake limo katika yale mwalimu atakayoyafanya shule itakapofunguliwa.

Januari darasani

Watoto wakirudi, mwalimu asianze kwa kutoa alama za uzuri. Kitu kizuri mno huenda kimetengenezwa na mama. Amwulize kila mtoto maswali matatu: Nani alikufundisha? Ulianza na nini? Wapi palikushinda, nawe ulifanyaje? Aliyetengeneza atajibu hata kama kamba yake imepinda. Ambaye hakutengeneza atanyamaza, wala hapana haja ya kumwaibisha.

Kisha mwalimu aifanye kazi kuwa somo. Nyuzi tatu zikisukwa, kamba huwa fupi kuliko nyuzi zilivyokuwa. Watoto wapime kabla na baada, watafute sehemu iliyopungua, na wakadirie nyuzi za kutosha kamba ya mita 3. Shanga zikitungwa nyeupe 3 na nyekundu 2 kwa kurudia, mkufu wa shanga 60 utataka nyeupe 36 na nyekundu 24. Mtoto aliyezitunga ataliona jibu hilo vidoleni kabla ya kuliandika. Katika kibamba cha udongo mbichi uchorwe mstari wa milimita 100, na upimwe tena kibamba kikishakauka. Mstari ukisomeka milimita 92, udongo umesinyaa kwa asilimia 8, na maji yaliyokuwamo yamekwenda hewani. Hapo hesabu na sayansi zimekutana juu ya dawati moja, na nyumba moja wapo ya Mbulu ndiyo iliyoleta kifaa cha kufundishia.

Mwisho, kitu kirudi nyumbani. Kamba ikafunge ndama, kata ikabebe mtungi, kinyungu kikatiwe maziwa. Vitu hivi visirundikwe ofisini mpaka panya wavitafune, maana mzee aliyefundisha atauliza kilikwenda wapi.

Wanachuo wapendwa, mtakapokwenda kufundisha huko, mtaikuta mvua na mtawakuta wazee. Mvua haitawangoja, na wazee nao hawatakuwapo daima. Kilicho mikononi mwenu ni kupanga mapema: vifaa viwe ndani kabla ya dhoruba, mzazi ajue, mtoto aambiwe lini aache na kuondoka, na Januari pawepo mwalimu aliye tayari kuuliza. Mkiyafanya hayo, mtoto atakayekaa karibu na meko siku ya ngurumo atakuwa salama kadiri mlivyoweza kumlinda, na atakuwa anajifunza.